Kutundika Bila Kutoboa: Kuta za Ng'ambo na Utepe wa Gundi

Utepe wa gundi wa kutundikia ni kipande kifupi cha mpira laini chenye gundi pande zote mbili: upande mmoja hushikana na ukuta, wa pili hushikana na ndoano ya plastiki au mgongo wa fremu, na siku kitu kinapotakiwa kuondolewa utepe huvutwa kwa ncha yake iliyoachwa wazi hadi ukarefuka na kuachia bila kuacha tundu wala doa. Kampuni ya 3M ya Marekani, iliyokwisha kujijengea jina kwa utepe wa wapaka rangi uliobuniwa na Richard Drew mwaka 1925, iliingiza sokoni aina yake ya utepe huu, Command, mwaka 1996, na tangu hapo wazo lenyewe limesambaa duniani kwa majina mengi na kwa ubora wa kila daraja. Ahadi yake ni kwamba kitu kitaning'inia bila ukuta kujeruhiwa. Ni ahadi ndogo, lakini imebeba dhana mbili ambazo mtengenezaji haoni haja ya kuzitaja kwa kuwa kwake ni mambo ya kila siku: ya kwanza ni kwamba ukuta ni laini, mkavu na umefunikwa kwa rangi iliyoshika barabara, na ya pili ni kwamba anayetundika anaishi ndani ya ukuta wa mtu mwingine, ambaye siku ya kuhama atakuja kuukagua. Katika Ng'ambo ya mji wa Unguja dhana zote mbili zina historia, na historia hiyo haifanani na ya Minnesota, yaliko makao makuu ya kampuni hiyo.

Gundi inayotumika hapa ni ya mgandamizo, yaani gundi isiyohitaji maji, moto wala kukauka, bali hushika kwa kubanwa tu. Kwa tabia yake ipo kati ya kigumu na kimiminika: ikibanwa kwa kidole hutiririka polepole mno na kuingia katika vijishimo vya ukuta visivyoonekana kwa macho, na kadiri eneo la mgusano linavyopanuka ndivyo nguvu ya kushika inavyoongezeka, ndiyo maana mtumiaji huambiwa abane kwa nusu dakika na asubiri saa nzima kabla ya kutundika chochote. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoeleza namna utepe unavyoachia. Unapovutwa kwenda chini sambamba na ukuta hurefuka na kuwa mwembamba, nguvu yote ya mvuto hukusanyika kwenye mstari mmoja ambako gundi inaagana na ukuta, na mstari huo husogea taratibu hadi mwisho. Ukivutwa kuelekea kwa mvutaji, kama mkono unavyotaka kufanya wenyewe, hung'oka pamoja na rangi. Aidha gundi hii hustahimili zaidi mzigo unaoteremka sambamba na ukuta kuliko ule unaoubandua kutoka juu, na kwa hiyo picha bapa iliyolala ukutani inaweza kukaa miaka wakati mkoba wa uzito uleule, uliotundikwa kwenye ndoano iliyochomoza, unaanguka usiku wa kwanza.

Jambo ambalo maelezo ya pakiti hayalisemi waziwazi ni kwamba utepe haushiki ukuta, bali hushika tabaka la mwisho la ukuta. Katika nyumba ya kisasa rangi imeshika skimu, yaani ule unga mweupe uliokorogwa na kusawazishwa juu ya lipu ili kuilainisha. Skimu imeshika lipu ya saruji na mchanga. Lipu imeshika tofali. Uzito wa saa ya ukutani hupita katika viungo hivyo vyote, na kinachokatika ni kilicho dhaifu kuliko vingine, ambacho mara nyingi si gundi. Msumari hauna habari na mlolongo huo, kwa sababu hupenya matabaka yote na kwenda kujishikiza kwenye kiini. Kuuliza kama utepe fulani ni imara, basi, ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani aliupaka ukuta, kwa nini, na lini.

Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukuta wa kawaida umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, ukapigwa lipu ya chokaa, kisha ukapakwa chokaa nyepesi ya maji. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwa kuni hadi hewa ya ukaa iliyomo ndani yake itoke. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka chenyewe na kuwa uji mweupe, na uji huo ukishapakwa huanza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kidogo kidogo kuwa jiwe. Kurudi huko huchukua muda mrefu, na katika tabaka jembamba lililokaushwa upesi na jua hakukamiliki vizuri, na ndiyo sababu mtu akipitisha kiganja kwenye ukuta wa namna hii huondoka na unga mweupe. Tena ukuta wa chokaa hupitisha unyevu: maji hupanda kutoka ardhini, hutoka kwenye uso wa ukuta na kuyeyukia hewani, yakiacha chumvi ambayo fuwele zake huusukuma uso huo kwa ndani. Utepe uliobanduka hapo, ukigeuzwa na kutazamwa kwa karibu, hauna kosa lolote. Gundi bado inanata pembezoni, na katikati kimekamatwa kibamba cha chokaa chembamba kama ganda la yai, cheupe kwa nje, chenye buluu hafifu ya chokaa iliyotiwa rangi miaka ya nyuma, na cheupe tena chini ya hapo. Utepe ulitimiza kazi yake yote, isipokuwa uliifanya kwa tabaka ambalo lenyewe halikuwa limeshikana na chochote cha maana.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kuupiga ukuta huo lipu ya saruji, na kwa miezi ya mwanzo huonekana wamepatia, maana saruji ni ngumu na rangi ya kisasa hukaa juu yake bila unga. Wahifadhi wa majengo wamelipinga jambo hilo kwa sababu inayoeleweka: saruji haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji na chumvi hunaswa nyuma yake, na baada ya muda lipu huvimba na kudondoka vipande vikubwa pamoja na uso wa jiwe. Wajenzi wa kale waliliepuka suala zima la kutundika kwa kujenga zidaka, yaani vishubaka vilivyoachwa ndani ya unene wa ukuta, ambao katika nyumba hizi hufika nusu mita na zaidi. Sahani za kaure, taa na misahafu viliwekwa humo, na uzito wake ukabebwa na jiwe.

Ng'ambo, sehemu iliyokua mashariki ya hori lililoutenga Mji Mkongwe kabla halijafukiwa, ilijengwa kwa namna nyingine. Boriti za mikoko zilisimamishwa, fito zikafungwa kwa kukingama, mapengo yakajazwa udongo na mawe madogo, kisha ukuta ukakandikwa kwa udongo na, mwenye nyumba alipojaaliwa, ukamaliziwa kwa chokaa. Utepe wa gundi katika ukuta huu hauna la kufanya, kwa kuwa udongo mkavu ni vumbi lililoshikamana na gundi huchukua vumbi tu. Msumari nao hushika pale tu ulipopata mti, na kwa hiyo mtu wa nyumba hizi hujifunza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mahali mlio unapobadilika. Ila kilicho muhimu zaidi ni kwamba tundu la msumari hapa halikuwahi kuwa tatizo. Konzi ya udongo uliolowekwa huliziba asubuhi, jioni hakuna alama, na chokaa ya kabla ya Idi hufunika hata kumbukumbu yake. Ukuta wa kukandikwa umejengwa kwa matarajio kwamba utatengenezwa tena na tena kwa mkono wa mwenyewe, kwa nyenzo zilizo chini ya miguu yake, na kifaa kinachojisifu kwamba hakiachi kovu hakina wa kumsifia pale ambapo makovu hayagharimu kitu.

Suala la mwenye ukuta lilikuwa na sura yake pia. Katika sheria ya Kiislamu kama ilivyotumika Unguja, jengo au mti uliweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi, na watu wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao juu ya viwanja vya matajiri au vya wakfu, yaani mali iliyofungwa kisheria kwa ajili ya msikiti, ukoo au sadaka. Viwanja vilipogeuzwa kuwa chanzo cha fedha katika zama za Waingereza, kodi zilipandishwa, na mwaka 1928 wakazi wakagoma kuzilipa. Mgomo huo, ambao mwanahistoria Laura Fair ameuchambua katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Zanzibar, uliilazimisha serikali kutunga sheria ya kudhibiti kodi ya viwanja. Aliyeondolewa kwenye kiwanja angeweza kubomoa na kubeba mlango, madirisha na boriti zilizokuwa bado nzima. Kwa maneno mengine, kilichobandikwa juu ya mali ya mtu na kutarajiwa kubanduliwa ilikuwa nyumba nzima. Mpangaji wa Marekani anamiliki picha lakini hana ukuta; mtu wa Ng'ambo alikuwa na ukuta, akaupigilia misumari alivyopenda bila kumwomba mtu ruhusa, ila ardhi iliyoubeba ukuta huo haikuwa yake.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza mpangilio huo. Ardhi iliwekwa chini ya serikali mwaka huohuo, na mwaka 1968 mpangaji miji Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki aliandaa ramani mpya iliyotaka Ng'ambo ya udongo iondoke ipishe majengo marefu ya zege. Fleti za Kikwajuni na Kilimani zilijengwa kwa msaada wa nchi hiyo, kisha yakafuata majengo ya Michenzani yaliyoenea pande nne za mzunguko mmoja wa barabara, mradi ambao Rais Abeid Amani Karume aliusukuma kwa nguvu zake zote hadi alipouawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Waliopewa fleti humo waliingia katika aina ya ukuta ambayo wazee wao hawakuijua. Msumari wa kawaida hupinda kwenye zege. Unahitajika msumari wa zege, ule mfupi wa chuma kigumu, au keekee ya umeme ambayo mlio wake husafiri hadi kwa jirani wa ghorofa ya tatu, na tundu likishatobolewa vibaya na kumeguka haliwezi kuzibwa kwa konzi ya udongo. Mwenye ukuta naye alikuwa serikali, si mkazi, na ilikuwa mwaka 2010 ndipo Zanzibar ilipotunga sheria ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo la pamoja. Hapa ndipo dhana mbili za mtengenezaji wa utepe zilipokutana na Ng'ambo kwa mara ya kwanza: ukuta mgumu wenye rangi, na mkazi asiyeumiliki.

Hata hivyo zilikutana kwa mzaha kidogo. Kuta nyingi za Unguja, za fleti, madarasa na ofisi, hupakwa kwa mikanda miwili: sehemu ya chini, hadi usawa wa kifua, hupakwa rangi ya mafuta kwa sababu inafutika mikono ya watoto inapoichafua, na sehemu ya juu hupakwa rangi ya maji au chokaa kwa sababu ni rahisi na hakuna anayeigusa. Rangi ya mafuta, iliyo laini na isiyo na unga, ni mahali pazuri sana kwa utepe wa gundi; rangi ya maji ya bei nafuu, iliyochujushwa zaidi ili itoshe chumba kizima, ni mahali pabaya. Kwa hiyo utepe hushika barabara pale ambapo hakuna mtu atakayetundika picha, nyuma ya kochi na kando ya mlango, na huachia pale juu ambapo saa, kalenda na picha ya Kaaba ndiko makazi yake. Fundi rangi aliyeamua mstari huo alifikiria vidole vya watoto, na kwa haki kabisa.

Hali ya hewa ya kisiwa huongeza lake. Watengenezaji hutaja kiwango cha joto kati ya nyuzi 10 na 40 za selisiasi, na chumba chenye kivuli hakitoki humo mwaka mzima, lakini ukuta wa zege unaopigwa na jua la alasiri katika miezi ya Januari na Februari huwa moto kuliko hewa inayouzunguka, na gundi ya mpira ikipata joto hulainika na kuteleza chini kidogo kidogo, bila kubanduka, mpaka fremu ikainama. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta tatizo la upande wa pili: ukuta unaoonekana mkavu unaweza kuwa na utando wa unyevu, na gundi iliyotengenezwa kwa mpira haishiki maji. Maelekezo ya kusubiri siku 7 baada ya kupaka rangi yaliandikwa kwa hewa kavu zaidi. Rangi iliyopakwa Aprili mjini Unguja inastahili muda mrefu zaidi ya huo. Anayetaka kujua kama ukuta wake unafaa hana haja ya kifaa: aufute kwa pamba yenye spiriti, asubiri ukauke, kisha apitishe kiganja. Pamba ikija na rangi au kiganja kikija na unga, pakiti irudi kabatini.

Halafu kuna suala la kinachotundikwa, ambalo ndilo zito. Maelezo ya kampuni huonya kwamba utepe usitumike juu ya kitanda wala kwa vitu vya thamani au visivyoweza kupatikana tena, na onyo hilo, likisomwa katika ukumbi wa nyumba ya Ng'ambo, linaondoa karibu kila kitu kilichopo ukutani. Picha ya marehemu babu aliyevaa kanzu na koti, iliyopigwa pengine katika studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mara nyingi ni nakala moja tu, na kioo chake kikivunjika huikwaruza yenyewe. Ayatul Kursi iliyoandikwa kwa nyuzi za dhahabu juu ya kitambaa cheusi hutundikwa juu kuliko vitu vingine kwa heshima, wala hakuna anayetaka kuikuta sakafuni asubuhi, hata kama haikuharibika. Vitu hivi havibanduliwi mwezi ujao ili kujaribu mpangilio mwingine. Vinakaa miaka 30. Utepe wa kubanduka ulibuniwa kwa nyumba inayobadilisha mapambo na kwa mtu anayehama, na kuukabidhi kumbukumbu ya ukoo ni kuukosea utepe wenyewe. Kwa vitu hivi msumari wa zege, au uzi imara ulioshushwa kutoka kwenye boriti za dari katika nyumba ya mawe, bado una hoja ya nguvu.

Mpangaji wa leo wa Fuoni au Mwanakwerekwe, anayelipa kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo na ambaye mwenye nyumba amemkataza kupiga misumari katika skimu mpya, anamkaribia yule mpangaji wa Marekani zaidi kuliko bibi yake aliyekaa katika nyumba ya kukandikwa. Ukuta wake umegeuka kitu cha kulindwa, kwa sababu kuukarabati kunahitaji fundi, ndoo ya rangi ileile iliyokwisha kuchujuka kwa jua, na fedha. Katazo lenyewe si la kudharauliwa, kwani skimu ikishameguka kuzunguka msumari huonyesha kiraka daima, hata ikipakwa upya.

Mahali ambapo utepe huu unastahili kila sifa iliyoandikwa kwenye pakiti yake ni jikoni, juu ya vigae. Kigae kina uso wa kioo, hakina unga, hakinywi maji, na kimepigwa saruji nyuma. Kukitoboa ni kubahatisha ufa, na kikipasuka hakuna tena cha rangi ileile dukani. Adui pekee hapo ni mvuke wa mafuta ya kukaangia, unaotanda kwenye vigae vilivyo karibu na jiko hata pale visipoonekana vichafu, na ambao huondoka kwa sabuni, maji ya moto na spiriti ya mwisho. Gundi ikibanwa vizuri, ikaachwa saa yake, ndoano ndogo itabeba upawa, chujio na kawa bila shida, na ncha ya kuvutia ikikatika siku ya kuondoa, uzi wa kushonea uliopitishwa nyuma ya ndoano na kuvutwa huku na huku kama msumeno huukata utepe uliobaki. Hata ikitokea gundi ikachoka kabla ya siku yake, mwiko ulioanguka kutoka hapo huokotwa, ukaoshwa, ukaendelea kusonga ugali.